Mama Klachi na Gari Lisilo na Klachi

Watu wanaosema mzee hana haja na gari la kifahari ni watu ambao magoti yao bado mazima. Mama Klachi alikuwa na miaka sabini na moja, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kazi. Halikumalizwa na unene, maana alikuwa mwembamba kama fito. Lilimalizwa na pedali. Kwa miaka thelathini na minane alifundisha watu kuendesha magari, akiwa amekaa upande wa abiria kwenye gari lenye pedali pande zote mbili, na kila mwanafunzi aliposahau klachi, mguu wake yeye ndio uliokumbuka. Jina lenyewe alipewa na wanafunzi, kwa sababu sauti yake ilifika mtaa wa pili: "Klachi! Klachi kwanza, baba, gia baadaye!" Hakulichukia. Kuna walimu walioitwa majina mabaya zaidi.

Alipouza shule yake, pamoja na kiwanja na yale magari manne yaliyobonyea kila upande, alipata fedha ya kutosha. Watoto wake wawili, walioko mbali kikazi, walimpigia simu mmoja baada ya mwingine kumshauri ajenge vyumba vya kupangisha. Akawaambia hataki wapangaji, anataka gari. La umeme. La kifahari. Jipya, ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulipandisha ukingo wa barabara. Binti yake alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, kwa umri huo?"

"Ng'ombe hazeeki maini," akamjibu, akakata simu.

Wala hakuwa anasema kwa jazba. Alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa miezi. Gari la umeme halina klachi wala gia, kwa hiyo goti lingepumzika. Halipangi foleni ya mafuta. Unalichomeka nyumbani kama simu. Na halina kelele. Hilo la mwisho ndilo alilolitaka kuliko yote, ingawa hakumwambia mtu, kwa sababu lilimhusu mumewe.

Mumewe alikuwa mshona nguo, na Mama Klachi alimwita Fundi tangu siku za uchumba. Fundi naye alimwita Mwalimu. Nyumbani, hawa wawili hawakuwa waongeaji. Hawakununiana, la hasha. Walikuwa tu wamezoea kila mtu na lake, mke na redio yake, mume na vitambaa vyake, ambavyo hata baada ya kufunga duka hakuacha kuvikata. Siku nzima ingeweza kupita kwa maneno kumi: chai tayari, mlango umefunga, dawa umekunywa. Lakini kila Jumatano na Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, walipanda gari lao kuukuu wakatoka bila safari maalumu, wakazunguka mji, wakafika mpaka kiwanda cha matofali, wakageuza. Na humo garini Fundi alikuwa mtu mwingine. Alizungumza juu ya watoto, juu ya marehemu dada yake, juu ya mteja aliyeondoka na suti bila kulipa mwaka ambao hata mteja mwenyewe keshausahau. Alizungumza juu ya kufa. Katikati ya mambo mazito angechomeka vitu vidogo vya barabarani, tazama mwavuli wa yule mama, wale watoto wa shule wamependeza, kisha akarudi alipoachia. Yaliyoshindikana mezani yalisemwa barabarani, wote wawili wakitazama mbele. Ukitaka kujua ukweli, ndoa ile ya miaka arobaini na minne ilikuwa inaishi ndani ya gari.

Fundi hakujua kuendesha. Alijaribu mwaka wa kwanza wa ndoa, mkewe akiwa mwalimu wake, na walipoingia mtaroni mara ya pili wakakubaliana kwamba leseni awe nayo mmoja na ndoa wawe nayo wote. Tangu hapo kiti chake kikawa cha mbele kushoto, dirisha wazi, kiwiko nje.

Sasa gari kuukuu lilikuwa linakata roho. Makanika alishasema injini haifiki mwisho wa mwaka, na kwa ngurumo za injini hiyo, Mama Klachi alikuwa akilazimika kumwuliza mumewe "nini?" kila baada ya sentensi mbili, kwa kuwa sauti ya Fundi nayo ilikuwa imepungua. Gari likifa na jingine lisipatikane, wangebaki na yale maneno kumi. Aliliogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa ugonjwa.

Basi Jumatano moja wakaenda.

Duka la magari lilikuwa na sakafu inayong'aa kiasi kwamba Fundi aliivuka kwa tahadhari. Muuzaji aliwajia mbio mbio, kijana wa miaka kama thelathini, tai imekaza. Fundi alilitazama koti lake kabla ya kumtazama uso, akaona mshono wa bega umevuta, akamsamehe.

"Shikamooni wazee wangu, karibuni sana. Mzee anatafuta gari la aina gani?"

"Mimi natafuta choo," Fundi alisema. "Mwenye gari ni huyu."

Muuzaji akageuka na kuanza wimbo wake: kasi, spika kumi na nne, paa la kioo. Mama Klachi alimwacha amalize kama anavyoachwa mtoto anayesoma shairi la shule. Kisha akaomba aonyeshwe magari, lakini kwa mpangilio wake.

La kwanza lilikuwa refu na la chini, zuri la kuchorwa. Kuingia aliingia. Kutoka kulihitaji muuzaji mkono mmoja na Fundi, aliyekuwa amerudi, mkono wa pili.

"Gari usiloweza kutoka mwenyewe ni jela yenye magurudumu," akasema, akilisugua goti. "Lingine."

La pili lilikuwa na kiti cha kimo kizuri, lakini mbele palikuwa na skrini tu, kubwa kama sinia, na hakuna kitufe hata kimoja.

"Mvua ikinyesha, nawasha wapi vifuta kioo?"

"Unagusa hapa, mama, halafu hapa, halafu unachagua..."

"Mvua imeshaniingiza kwenye lori. Lingine."

La tatu lilikuwa la bluu iliyokolea. Mlango wake ulifunguka kwa upana na haukuwa mzito. Kiti kilikuwa usawa wa nyonga, mtu anakaa badala ya kudondoka. Vitufe vilikuwepo, vinene, vya kupapaswa bila kutazama. Akarekebisha kiti, akarekebisha vioo, akaweka mikono kwenye usukani. Kiti kilianza kumkanda mgongo taratibu. Alikuwa ametumia maisha yake ndani ya magari yenye harufu ya jasho la woga wa watu wengine, na hapa palinuka ngozi mpya. Machozi yalimlengalenga, akajikemea.

Nyuma, Fundi alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono wa kiti. "Mishono miwili sambamba," akasema. "Aliyeshona hapa hakuwa na haraka." Kwa Fundi hiyo ilikuwa sifa inayotolewa mara moja kwa miaka kumi.

Ndipo Mama Klachi akaanza maswali. Betri inakwenda umbali gani kiyoyozi kikiwa kimewashwa, siyo kile kilichoandikwa kwenye karatasi? Baada ya miaka minane inabaki na nguvu kiasi gani? Ukiachia pedali gari linapunguza mwendo lenyewe. Je, taa za breki za nyuma zinawaka, au aliye nyuma anakuja kukuvaa? Muuzaji alilegeza tai.

"Samahani, mama ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nafundisha udereva."

Kijana akamkodolea macho. "Usiniambie wewe ndiye... samahani, yule Mwalimu..."

"Sema tu."

"Mama Klachi! Mama yangu mzazi umemfundisha wewe! Anasema ulimrudisha kwenye mtihani mara tatu."

"Alikuwa hatazami vioo."

"Kumbe unamkumbuka?"

"Simkumbuki hata kidogo. Ila niliowarudisha mara tatu, wote walikuwa hawatazami vioo."

Wakacheka wote watatu, na kwa kicheko kile gari likawa kama limeshanunuliwa. Ilibaki kulijaribu barabarani.

Fundi alikuwa ameshaushika mlango wa mbele kushoto pale muuzaji alipomgusa bega kwa heshima. "Mzee wangu, hapo nakaa mimi. Ni utaratibu wa duka, mambo ya bima."

"Mimi huwa nakaa hapa," Fundi akasema.

"Fundi, ni dakika kumi tu," mkewe akamwambia. "Kaa nyuma ukandwe."

Fundi alibaki ameshika kitasa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akaingia nyuma.

Gari likaondoka bila kuaga. Hapakuwa na mtetemo wala mngurumo. Jengo la duka lilianza tu kurudi nyuma. Mama Klachi akacheka kwa sauti, peke yake, kama msichana. Goti lake la kushoto lilikaa tu pale, halina la kufanya. Aliingia barabara kuu, akapita kituo cha zimamoto, akakata kuelekea shule ya msingi, na akasikia kila kitu: vidole vya muuzaji vikipapasa karatasi, Fundi akivuta pumzi nyuma yake.

"Fundi, unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Ndiyo hivyo. Hakuna kitu. Tutaongea humu mpaka tuchokane."

Fundi hakujibu. Mama Klachi alidhani ni kiti kinamkanda. Hakujua kwamba mumewe alikuwa amekaa ukingoni, amejipenyeza katikati ya viti viwili, shingo ameinyoosha, akijaribu kuona barabara juu ya bega la muuzaji. Na muuzaji alikuwa na mabega ya kutosha, na alikuwa anaeleza habari za spika.

Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mtu mmoja alishuka barabarani kutoka kushoto akivuta mkokoteni wenye mabomba. Hakukimbia wala hakuchomoka ghafla. Alishuka taratibu, mchana kweupe, kama mtu mwenye haki yake.

"Mwalimu!" Fundi akapiga ukelele.

Kabla neno halijafika, gari lilikuwa limeshafunga breki lenyewe. Mkanda ukambana Mama Klachi kifua, kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka mbele yake. Mkokoteni ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye boneti. Yule mtu akageuza uso, akainua mkono kumshukuru kwa kumpisha, akaendelea kuvuta.

Mama Klachi alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado juu ya pedali ya mwendo.

"Umeona?" Muuzaji alikuwa amefurahi hadi anapiga paja. "Hiyo ndiyo kazi yake! Wateja wengine nawahadithia tu, wewe umeiona kwa macho yako!"

Mama Klachi alisogeza gari pembeni na kulisimamisha, taratibu, taa ya kuegesha ikiwaka, kama alivyowafundisha maelfu. Katika kazi yake kulikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza, si kwa binti wa mkuu wa polisi wala kwa mama mjamzito aliyelia: mwalimu akigusa breki yake, mtihani umekwisha. Wengi walimbishia. Lakini Mwalimu, mbona hatukumgonga mtu! Naye aliwajibu wote jibu moja, kwamba hatukumgonga kwa sababu mimi nilikuwepo. Nenda, urudi mwezi ujao. Na leo breki ilikuwa imeguswa, na aliyeigusa hakuwa yeye.

Lazima isemwe kwamba alijaribu kujitetea. Si ndiyo kazi ya hili gari? Mwanafunzi ana mwalimu kwa wiki sita; yeye angekuwa naye maisha yake yote, chini ya boneti, hachoki wala hapandishi sauti. Nani angejua? Wazo hilo lilikuwa tamu sana. Kisha akalitambua. Lilikuwa wazo la kila aliyefeli.

"Fundi," akasema bila kugeuka. "Ulimwona yule mtu?"

"Nilimwona."

"Tangu wapi?"

"Tangu alipokuwa anafunga mabomba kwa kamba."

"Mimi sikumwona kabisa."

"Najua," Fundi akasema.

Lilikuwa neno dogo, lakini alilisema kwa namna ya mtu anayetua mzigo, na Mama Klachi akageuka kitini mzima mzima.

"Unajua nini?"

Fundi alikitazama kidole chake kwenye mshono wa kiti. Muuzaji alikumbuka ana simu ya kupiga, akashuka.

"Mwavuli wa yule mama," Mama Klachi akasema polepole. "Watoto wa shule. Yule wa baiskeli uliyesema anafanana na shemeji. Wote walikuwa kushoto."

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Ulimpita yule mzee wa magongo karibu kabisa, hata hukupunguza mwendo. Nikasema labda umewaza mbali. Ilipotokea tena nikajua ni jicho."

Mama Klachi alijua kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Alidhani ni miwani imechakaa. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama; yeye alikuwa ameambiwa tazama miaka miwili mizima, akadhani ni maongezi. Hasira ilimpanda kwanza, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

"Na ukanyamaza! Ungeniacha niue mtu?"

"Nilikuwa natazama, Mwalimu. Sikupepesa macho. Wewe unafikiri tukirudi nyumbani nalala vile kwa uzee? Nachoka. Nusu ya tuliyokuwa tunaongea mle ndani nilikuwa siyasikii mwenyewe."

"Kwa nini usiniambie?"

"Ningekuambia, ungeacha siku ileile. Mimi si nakujua?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini katika gari lile lisilo na kelele kila herufi ilifika. "Na ukiacha, tutaongelea wapi? Pale mezani siwezi. Nimejaribu. Maneno yanafika hapa yanarudi."

Hasira ikamwisha yote kwa mara moja, ikabaki aibu, na chini ya aibu palikuwa na mapenzi mengi ambayo hakujua ayaweke wapi. Alifungua mlango mpana usio mzito, akashuka mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, akamwita muuzaji.

"Rudisha wewe."

"Mwalimu, jamani, ni kitu kidogo. Kila mtu hupitiwa."

"Sikupitiwa. Sioni. Leo nakwenda kwa daktari wa macho na leseni nairudisha wiki hii." Akalipapasa paa la gari. "Si gari baya, baba. Sijawahi kushika usukani mtamu kama huu. Lakini breki ile ni ya dereva aliyeteleza siku moja, siyo ya dereva asiyeona siku zote. Limenifelisha, na lina haki."

"Sasa niandike nini kwenye fomu?"

"Andika hivyo hivyo."

Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akakaa kando ya mumewe. Katika maisha yao yote hawakuwahi kukaa kiti cha nyuma pamoja. Muuzaji akaondoa gari. Kwa mtaa mzima hakuna aliyesema neno, na Mama Klachi akahisi ile hofu yake imefika: ndiyo haya, maneno kumi yameanza. Mguu wake ulikuwa unakanyaga zulia. Macho yake yalikuwa barabarani kwa mazoea, juu ya bega la kijana, ambapo hayakuwa na kazi tena.

Akayaondoa, akayaleta kwa Fundi.

Hakuwa amemtazama vizuri kwa miaka. Mezani mtu hutazama sahani, na garini alikuwa anatazama mbele. Sauti ya mumewe aliijua yote, lakini uso ulikuwa umezeeka bila yeye kuwepo. Nyusi zilikuwa nyeupe. Chini ya macho palikuwa na mifuko ya uchovu, na sasa alijua imetoka wapi.

"Jumamosi," akamwambia, "ulisema unaogopa kutangulia kufa. Nikakuuliza kwa nini. Hukunijibu."

"Uliniuliza?"

"Nilikuuliza."

Fundi akafikiri. "Kulikuwa na watoto wanavuka," akasema.

Mama Klachi akaushika mkono wake, ule wenye sugu ya mkasi. "Leo anayetazama barabara ni huyu kijana. Kwa nini unaogopa?"

Midomo ya Fundi ilicheza, na maneno, kama alivyosema mwenyewe, yalifika yakarudi, yakafika tena.

"Kwa sababu tumekaa kimya sana pale nyumbani," akasema mwishowe. "Naogopa nikiondoka utazoea upesi. Naogopa hutaona tofauti."

"Nitaiona kabla chai haijachemka," mkewe akasema, na machozi yaliyomlengalenga tangu dukani yakateremka, na safari hii hakujikemea.

Muuzaji alikuwa amefika kwenye njia panda. Akawatazama kwenye kioo, maana huyu alikuwa mtazama vioo kuliko mama yake, akauliza kwa sauti ya chini kama wanarudi dukani.

"Bado," Mama Klachi akasema bila kumwondolea macho Fundi. "Twende mpaka kiwanda cha matofali. Na usiendeshe haraka, baba, tuna maongezi."